Mkono umerudi, usemi umerudi: kwa nini Baba bado anaambiwa apasuliwe shingo?

Daktari,

Salamu kwako na kwa wasomaji wa safu hii. Mimi ni kifungua mimba katika familia ya watoto wanne, na ninaishi mtaani Buruburu, Nairobi, si mbali na nyumba ya wazazi wangu. Ninakuandikia kuhusu Baba, mwalimu mstaafu mwenye umri wa miaka 72, ambaye Jumanne ya wiki iliyopita alikuwa sebuleni akingoja taarifa ya habari ya saa moja, kikombe cha chai kikamponyoka. Mkono wake wa kulia ulilegea, mdomo ukaenda upande, na kila alipojaribu kusema yalimtoka maneno yasiyoshikana. Tulipokuwa bado tunahangaika kutafuta gari, baada ya kama dakika kumi, mambo yote yalitulia. Akazungumza vizuri, akatucheka kwa wasiwasi wetu, akaagiza chai nyingine. Tukasema ni uchovu, tukalala.

Kesho yake nilimshurutisha kwenda kwa daktari. Presha ilikuwa 168 kwa 94, na kolesteroli mbaya, ile ya LDL, ilikuwa 4.1. Skani ya kichwa haikuonyesha damu iliyovuja, lakini altrasaundi ya shingo ilionyesha kwamba mshipa wa karotidi wa kushoto umezibwa kwa asilimia 75 na wa kulia kwa asilimia 45. Bingwa wa upasuaji wa mishipa alimwandikia aspirini, klopidogreli, atorvastatini na dawa ya presha, kisha akasema afanyiwe upasuaji wa shingo kabla ya wiki mbili kupita tangu siku ile ya kikombe.

Hapo ndipo familia ilipogawanyika. Baba anasema amepona na hakuna atakayemtia kisu shingoni, tena ameacha atorvastatini kwa sababu jirani alimwambia inaharibu ini. Mama analia tu. Ami yangu ameleta dawa ya mitishamba na kitunguu saumu, akisema mafuta yatayeyuka kabla ya mwezi kwisha. Ndugu yangu anayefanya kazi Mombasa anataka tuitishe mchango tumpeleke India, kwa kuwa amesikia huko hawapasui shingo bali wanapitisha waya pajani na kuweka stenti, yaani kijibomba cha wavu kinachoutanua mshipa kwa ndani. Mimi naona tunapoteza siku.

Je, kweli upasuaji ni lazima? Dawa haziwezi kuyeyusha mafuta hayo? Na mbona wanataka kuushughulikia mshipa mmoja na kuuacha wa pili? Baba huvuta sigara, ingawa amepunguza, na kila akinyolewa hupenda kinyozi amkande shingo. Malalamiko yake mengine ni ya uzee tu: magoti, na mara mbili tatu tangu Pasaka jicho la kushoto limeingia giza kwa dakika moja au mbili, kisha likafunguka. Hilo tulilihesabu kuwa mtoto wa jicho, kwa hiyo sitaki kukuchosha nalo.

Binti mwenye wasiwasi, Buruburu

*

Binti yangu mpendwa,

Barua yako nilikujibu faraghani siku ile ile niliyoipokea, kwa sababu jambo hili halingoji zamu ya kuchapishwa. Ninairudia hapa kwa kirefu, kwa idhini yako, kwa kuwa wako wazee wengi mitaani mwetu ambao kikombe kiliwaponyoka, wakaagiza kingine, na habari ikaishia hapo.

Nianze na sentensi uliyotaka kuiruka, ile ya jicho, kwani kwangu ndiyo nzito kuliko zote ulizoandika. Mtoto wa jicho hauji kwa dakika moja na kuondoka. Huleta ukungu unaozidi polepole kwa miezi na miaka. Giza linaloteremka kwenye jicho moja kama pazia, likakaa kidogo, kisha likapanda, mara nyingi ni dalili kwamba chembe imetoka katika mshipa wa karotidi wa upande ule ule na kupita kwenye kijishipa kinacholisha jicho. Karotidi ya kushoto hulisha jicho la kushoto na nusu ya kushoto ya ubongo, na nusu hiyo ndiyo inayoongoza mkono na mguu wa kulia na, kwa watu walio wengi, usemi. Jicho la kushoto, mkono wa kulia na maneno yasiyoshikana ni mashahidi watatu wanaounyoshea kidole mshipa mmoja. Mwambie bingwa habari ya jicho leo hii, kwa sababu inamwonyesha kwamba mshipa huo umekuwa ukirusha chembe kwa miezi kadhaa, na kwamba tukio la Jumanne halikuwa la kwanza.

Karotidi ni mishipa miwili mikubwa inayopanda pande mbili za koo, na chini kidogo ya pembe ya taya kila mmoja hugawanyika: tawi moja huenda usoni na jingine ubongoni. Penye njia panda hiyo damu huzunguka ovyo, na ndipo ugonjwa wa mishipa uitwao atherosklerosisi hupenda kukita. Kolesteroli hupenya ndani ya ukuta wa mshipa, mwili hupeleka chembe za kinga kupambana nayo, na kwa miaka mingi uvimbe, mafuta, makovu na hata chokaa hujengeka hapo. Presha, sigara, kisukari na umri huharakisha kazi hiyo. Watu hudhani mafuta hayo yamepakwa juu ya mshipa na yanaweza kusuguliwa yakatoka, kumbe yamo ndani ya ukuta wenyewe, yamefunikwa na ngozi nyembamba kama usaha ndani ya jipu. Ngozi hiyo ikipasuka, damu inayopita hapo huganda, kipande humeguka na kusafiri hadi ubongoni. Viharusi vingi vya ugonjwa huu huja kwa njia hiyo, kabla mshipa haujaziba kabisa. Kipande kikiwa kidogo, kikayeyuka chenyewe, mgonjwa hupata kile kilichompata Mzee: kiharusi cha muda mfupi, kinachopita bila kuacha alama inayoonekana.

Ndiyo maana sikubaliani na neno “amepona”. Kilichopona ni sehemu ya ubongo iliyokosa damu kwa dakika kumi. Mshipa uliorusha kile kipande bado uko vile vile, na siku chache za mwanzo baada ya tukio kama hilo, hasa siku mbili za kwanza, ndizo zenye hatari kubwa zaidi ya kiharusi kamili. Hatari hushuka kadiri wiki zinavyopita, na pamoja nayo hushuka faida ya upasuaji. Bingwa wenu hakuitaja ile muhula ya wiki mbili ili kuwatisha. Wataalamu walipounganisha matokeo ya tafiti kubwa za upasuaji huu, waliona kwamba miongoni mwa wagonjwa waliopasuliwa ndani ya wiki mbili, ilitosha kuwapasua watu 5 ili kumwepusha mmoja na kiharusi katika miaka 5. Waliongojea zaidi ya wiki 12, ilibidi wapasuliwe watu 125 ili kumwepusha mmoja.

Kwa hali ya Mzee, yaani mshipa uliozibwa kwa asilimia 70 hadi 99 na ambao tayari umeleta dalili, ushahidi ni wa zamani na haujayumba. Utafiti mkubwa wa Amerika Kaskazini uliochapishwa mwaka 1991 ulionyesha kwamba katika miaka 2, wagonjwa 26 katika kila 100 waliotibiwa kwa dawa peke yake walipata kiharusi cha upande ule ule, ilhali waliopasuliwa walikuwa 9, na hesabu hiyo ya pili imejumuisha viharusi vilivyoletwa na upasuaji wenyewe. Ni haki kusema kwamba dawa za mwaka 1991 zilikuwa dhaifu kuliko za leo, kwa hiyo pengo hilo sasa huenda ni dogo. Hata hivyo, kwa mtu aliyeonywa mara kadhaa namna hii, sijaona sababu ya kulidharau.

Sasa niseme kinachofanyika, labda Mama atapunguza machozi. Upasuaji huu umekuwapo tangu miaka ya 1950. Mgonjwa hulazwa usingizi au hutiwa ganzi ya shingo tu, na kwa maelfu ya wagonjwa waliolinganishwa njia hizo mbili zimetoa matokeo yanayofanana. Akiwa na ganzi tu, daktari huzungumza naye na kumwambia aminye kitu kwa mkono wa upande wa pili, na mkono ukiendelea kuminya, wanajua ubongo unapata damu ya kutosha. Daktari hufungua shingo mbele ya msuli ule mkubwa wa pembeni, hubana mshipa kwa muda, huufungua, huondoa utando wote wa mafuta pamoja na tabaka la ndani lililoharibika, kisha huushona, mara nyingi kwa kutia kiraka ili usijekuwa mwembamba. Wengi hurudi nyumbani baada ya siku moja hadi tatu.

Hatari zipo, na familia ina haki ya kuziuliza bila kuona haya. Kubwa ni kiharusi chenyewe, mshtuko wa moyo na kifo. Nyingine ni damu kuvuja shingoni, na neva za jirani kuumizwa, ambapo sauti hukwaruza, ulimi hupinda au pembe ya mdomo hulegea, mara nyingi kwa wiki au miezi tu. Muulizeni bingwa wenu swali moja waziwazi: katika wagonjwa 100 wenye dalili kama za Baba ambao yeye na timu yake huwapasua, ni wangapi hupata kiharusi au kufa katika mwezi wa kwanza? Kiwango kinachokubalika duniani ni chini ya 6. Daktari anayeweka hesabu zake hatakasirishwa na swali hilo. Anayekasirika amewapa sababu ya kutafuta maoni ya pili, na hapa Nairobi, kuanzia hospitali ya rufaa ya Kenyatta hadi hospitali kubwa za kibinafsi, maoni ya pili hupatikana katika siku moja au mbili, si mwezi.

Kuhusu India na stenti, ndugu yako ana nia njema ila kalenda haiko upande wake. Kuitisha mchango, kutafuta viza na tiketi, na kuanza vipimo upya kwa daktari mgeni kutamaliza wiki zile zile ambazo ndizo zenye faida, na Mzee atakuwa amezipitisha zote na mshipa usiotibiwa. Tena stenti si upasuaji mdogo unaofichwa na madaktari wa hapa. Ni kweli hupitishwa kwa waya kutoka kwenye paja, lakini waya huo hupita juu ya utando ule ule na unaweza kuumegua. Katika utafiti wa Marekani na Kanada wa mwaka 2010 uliolinganisha njia hizi, viharusi katika mwezi wa kwanza vilikuwa asilimia 4.1 kwa stenti na 2.3 kwa upasuaji, ilhali mshtuko wa moyo ulikuwa mwingi zaidi kwa upasuaji, 2.3 dhidi ya 1.1. Umri ulileta tofauti: kuanzia miaka kama 70 kwenda juu, upasuaji ulikuwa na nafuu. Mimi ningeitaka stenti kwa mzee ambaye shingo yake imewahi kuchomwa kwa mionzi au kupasuliwa, au ambaye moyo wake hauwezi kustahimili upasuaji. Kwa Baba yako mwenye miaka 72, kwa yale uliyoniandikia, ningekubaliana na bingwa. Kabla ya hapo moyo wake upimwe, kwani mafuta yakijenga shingoni mara nyingi yamejenga pia kwenye mishipa ya moyo.

Dawa ni jambo jingine kabisa, na hapa ndipo ninapomtaka Mzee anisikilize zaidi ya penginepo. Akipasuliwa au asipopasuliwa, dawa zile karibu zote ni za maisha. Upasuaji husafisha sentimita chache za mshipa mmoja, ilhali ugonjwa umo katika mishipa ya mwili mzima. Atorvastatini haiyeyushi utando ukaisha. Hupunguza kolesteroli, hutuliza uvimbe na kuifanya ngozi ile nyembamba iwe ngumu isipasuke upesi. Katika utafiti mmoja mkubwa uliotolewa mwaka 2006, wagonjwa wenye ugonjwa wa karotidi waliopewa miligramu 80 kwa siku walipungukiwa na viharusi kwa karibu theluthi moja. Ini huharibika kwa nadra sana, na kipimo cha damu hufanywa ili kulifuatilia. Kinacholalamikiwa mara nyingi zaidi ni maumivu ya misuli, na yakitokea daktari hupunguza kiasi au hubadilisha dawa. Jirani aliyemwachisha dawa hiyo wiki hii, kwa heshima zote, amemwachisha katika wiki ambayo aliihitaji kuliko wiki nyingine yoyote ya maisha yake. Airudie leo. Lengo la LDL yake ni chini ya 1.8, nayo imefika 4.1.

Aspirini asiiache hata siku ya upasuaji, isipokuwa bingwa amwambie mwenyewe. Klopidogreli pamoja na aspirini kwa kawaida huwa kwa wiki tatu hivi baada ya tukio la aina hii, kisha mgonjwa hubaki na moja, kwa kuwa mbili zikiendelea kwa muda mrefu huzidisha hatari ya kuvuja damu. Hapo ndipo mitishamba ya ami yako inaponitia mashaka. Kitunguu saumu cha kwenye mchuzi hakina neno. Kitunguu saumu cha kumeza kwa vijiko, pamoja na majani ambayo hatuyajui, huweza kuongeza kuvuja kwa damu juu ya dawa mbili zinazozuia kuganda. Msimfokee ami, maana amekuja kwa upendo. Mwombeni aweke dawa yake kando hadi shingo ipone, na daktari wa usingizi aambiwe kila kitu ambacho Mzee amekwisha kunywa.

Presha ishuke hadi chini ya 140 kwa 90, na wengi wetu hupendelea 130 kwa 80 mgonjwa akiweza, lakini ishushwe kwa utaratibu wa daktari. Kwa mshipa ulio mwembamba hivi si salama kumeza vidonge viwili viwili ili iporomoke kwa usiku mmoja. Sigara haina mjadala: kupunguza ni kuendelea. Chakula sina hotuba ndefu, maana ugali na sukuma wiki havijamkosea mtu. Mezani kwetu kosa liko kwenye chumvi inayonyunyizwa kabla ya kuonja, mafuta ya kuganda na nyama choma ya kila wikendi. Sukari yake hukuitaja. Hakikisha imepimwa.

Na kinyozi. Najua starehe ile ya kukandwa shingo baada ya kunyolewa, na ile ya kugeuzwa kichwa hadi mifupa ilie. Kwa Mzee ziishe leo, upande wa kushoto na wa kulia. Kuminya penye njia panda ya karotidi kunaweza kushusha mapigo ya moyo ghafla au kumegua utando, na kugeuza shingo kwa nguvu kunaweza kuchana ukuta wa mshipa.

Umeuliza kwa nini mshipa wa kulia unaachwa. Umezibwa kwa asilimia 45 na haujaleta dalili yoyote, na katika kiwango hicho hatari ya kuupasua ni kubwa kuliko faida. Huo hutibiwa kwa dawa zile zile na hufuatiliwa kwa altrasaundi baada ya miezi 6 hadi 12. Msistaajabu pia mkisikia mzee mwingine mtaani ana mshipa uliozibwa kabisa na madaktari hawaugusi: damu ikisha kukoma kupita humo, kwa kawaida hakuna tena cha kuokoa kwa kisu.

Hadi siku ya upasuaji, na baada yake, kila mtu nyumbani, pamoja na msaidizi wa kazi, ajue hili: uso ukienda upande, mkono ukilegea, maneno yakivurugika au jicho likiingia giza, tazameni saa na mwondoke. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, na skani lazima itangulie, kwa hiyo nendeni moja kwa moja kwenye hospitali yenye skani ya CT inayofanya kazi usiku na mchana, hata kama ipo zahanati karibu zaidi. Piga 999 au 112, lakini uwe pia na nambari ya jirani mwenye gari au dereva wa teksi anayeijua njia, kwa maana sote tunaijua barabara ya Jogoo saa kumi na mbili jioni. Msimpe chakula, maji wala aspirini ya ziada njiani, kwa sababu hadi skani ifanywe hakuna ajuaye kama ni damu iliyoganda au iliyovuja. Baada ya upasuaji, presha yake ipimwe nyumbani kila siku kwa wiki chache, na akipata maumivu makali ya kichwa upande uliopasuliwa, degedege au uvimbe wa shingo unaokua, arudishwe hospitalini saa hiyo hiyo, si kliniki ya wiki ijayo.

Kuhusu gharama, kabla ya kuitisha mchango wowote nenda kwenye dawati la bima la hospitali ukiwa na kitambulisho cha Mzee, uhakikishe michango yake ya SHA, bima ya afya ya taifa, haina deni, na uombe waandike ni kiasi gani kitalipwa na ni kiasi gani mtachangia wenyewe. Fanya hivyo kesho asubuhi, si siku ya kulazwa.

Uamuzi wa mwisho ni wa Baba mwenyewe, kwa kuwa ana akili timamu na shingo ni yake. Usimwendee na jeshi la watoto wanne. Mwende wawili kwa bingwa, yeye na wewe, umwombe daktari amwonyeshe picha ya altrasaundi na kumweleza habari ya jicho na mkono kwa pamoja. Ni mwalimu, na walimu niliowatibu hukubali haraka zaidi wakionyeshwa kazi ilivyofanywa kuliko wakiamriwa. Akikataa baada ya kuelewa, msimsuse: abaki na dawa zote bila kuruka hata siku moja, aache sigara, na tarehe ya kumwona bingwa tena iwe ndani ya siku chache.

Nanyi watoto wanne, pimeni presha, sukari na kolesteroli mwezi huu, kwa kuwa mmerithi kwa Mzee zaidi ya sura. Altrasaundi ya shingo msikimbilie kuilipia ikiwa hamna dalili. Kwa mtu asiye na dalili haipendekezwi kuwa kipimo cha kawaida, na fedha hizo zitasaidia zaidi kununua dawa za Baba za miezi mitatu ijayo.